Koili ya Mjomba

Jua lilikuwa limetua lakini giza halijaingia sawasawa. Ni ile saa ambayo ukiwasha taa unaonekana mwoga, usipowasha unajikwaa. Msumari alikuwa na ngazi begani, anairudisha kwa mkaza mjomba wake. Aliiazima mjomba akiwa mzima, akakaa nayo kama watu wanavyokaa na vitu vya watu, mpaka mjomba akaugua, akafa, akazikwa na waombolezaji wakatawanyika. Hapo ndipo alipoona haya kuiangalia ikiwa imeegemea ukuta wake.

"Hodi," alisema.

"Karibu, mwanangu. Ipeleke tu kibandani, mlango haujafungwa. Mimi nabandika chai."

Msumari alikuwa fundi wa pasi na redio, mtu mwembamba, na jina hilo alipewa na mjomba mwenyewe. Mjomba naye aliitwa Bomba, kwa kuwa alikuwa fundi bomba tangu ujana wake. Hayo yalikuwa majina yao ya hewani. Maana walikuwa wanne pale mjini wenye ugonjwa mmoja: Bomba, Msumari, Soli mshona viatu, na Nesi wa zahanati. Walikuwa wakijitengenezea redio za kuongelea, si zile za kusikilizia nyimbo. Makopo ya biskuti yalikuwa maboksi yao, vifuniko vya dawa ya meno vitufe vyao, betri kuukuu za pikipiki umeme wao. Nyaya walizichomoa kwenye feni zilizoungua. Kila magharibi walikuwa wakiitana na kuulizana hali, kana kwamba hawakuonana asubuhi sokoni. Majirani walisema wale ni wachawi, wanaanika nyaya ili wanase sauti za watu. Wao walicheka tu.

Ila Msumari hakucheka sana, kwa sababu aliyechekwa mara nyingi ni yeye. Koili zake, zile nyaya za kuzungushwa zinazoishikilia redio kwenye masafa yake, alizizungushia kwenye bomba la karatasi, na karatasi ikipata unyevu sauti yake ilihama. Anaanza kuongea hapa, anamalizia kule, wenzake wanamtafuta kwa kitufe. "Msumari anaongea huku anatembea," Soli alipenda kusema. Koili ya mjomba haikuhama hata siku moja. Mjomba aliizungushia kwenye kipande cha bomba la plastiki, mizunguko imebanana hata ukucha haupiti, akaishikiza kwa rangi nyekundu ya kucha aliyomwibia mkewe. Msumari aliimezea mate miaka na miaka.

Na sasa ilikuwa mbele yake, ndani ya kopo lililo wazi, kibandani, katika mwanga hafifu.

Walikuwa na mila yao. Mwenzao akifa, redio yake haiguswi mpaka wamuage hewani. Wanakusanyika kwake magharibi, wanamwita kwa jina lake mara tatu, wanasubiri. Asipojibu, na nani aliwahi kujibu, wanashusha antena, kisha mwenye nyumba anagawa vifaa kwa mkono wake. Bomba alikuwa aagwe Jumamosi. Msumari angesubiri siku chache tu, pengine angepewa.

Hakusubiri. Alitoa koleo mfukoni, akakata ncha mbili, akaitia koili ndani ya shati.

Alipotoka, mkaza mjomba alikuwa ameshamwekea kiti. Huwezi kukataa chai ya mfiwa. Akaketi, amejikunja, bomba la plastiki limemgusa tumbo. Lilikuwa la baridi. Baridi ambayo haikupungua hata mwili ulipolipasha.

"Nilikuwa nakutafuta," mama yule alisema. "Mjomba wako aliniachia neno nikwambie wewe. Ni juu ya ile koili yake. Hebu tukaitazame, nikuonyeshe."

"Leo nina haraka, mama." Aliweka kikombe chini. "Tutaitazama Jumamosi."

"Ni neno dogo tu."

"Jumamosi, mama."

Mama yule alimtazama kidogo. Msumari aliondoka na aibu yake, lakini hakurudi. Mtu akishapiga hatua ya kwanza na kitu cha wizi, miguu hujifanya haijui njia ya kurudia.

Kesho yake alipofunga duka na kurudi nyumbani aliipachika koili kwenye kopo lake, akalehemu, akafunika. Mkewe alikuwa nje anaanua nguo. Akawasha.

Shhhh... krrr... shhhh...

Kwanza mtu husikiliza, ndipo husema. Hivyo ndivyo mjomba alivyomfundisha. Akazungusha kitufe polepole, hadi chini kabisa ya masafa yao, kule ambako mjomba alikuwa akikaa peke yake kila magharibi kabla ya kuwafuata wenzake. Alisema ana mgeni wake huko. Hakuna mwingine aliyewahi kumsikia mgeni huyo, na Soli alisema ni majivuno ya mzee.

Chumba kilianza kunuka udongo mbichi.

Kisha, kwa mbali sana...

"Bomba... Bomba... Bomba. Upo?"

Sauti ilikuwa ya mwanamume, nzito, yenye mwangwi, kama anayeongea ndani ya pipa. Basi mgeni alikuwepo kweli, na maskini hajui kuwa mwenzake amefariki. Mtu wa hewani akiitwa huitika. Lakini aitike kama nani? Akisema ni Msumari, habari itazunguka kwamba amempata mgeni wa mjomba, na Soli atauliza amempataje. Akakohoa mara mbili kama mjomba alivyozoea, akaifanya sauti yake ya kizee.

"Nipo. Ova."

"Wanisikiaje?"

"Mbili kwa tano. Ova."

"Uko wapi, Bomba?"

Hilo nalo ni swali la kila siku hewani. Ukiulizwa ulipo unasema, tena kwa kujivuna, ili mwenzako ajue sauti yako imesafiri kiasi gani. Ulimi ulijibu kabla ya kichwa, ukataja nyumba ya mjomba.

"Nipo nyumbani. Geti la bluu, nyuma ya kinu cha kusaga, penye mlingoti wa bomba. Ova."

Shhhh...

Maji yalidondoka mahali fulani. Msumari aligeuka kutazama bomba la pale ndani. Lilikuwa kavu.

"Miaka yote nimekuuliza," sauti ilisema. "Leo umeniambia."

Krrr...

"Nakuja."

Hakusema ova. Na mtu asiyesema ova hajamaliza kusema.

Msumari alizima, akafungua madirisha harufu itoke. Alijiambia ni mzaha wa mtu. Alijiambia mengi. Usiku ule alilala amelitazama kopo juu ya rafu, na mkewe akamuuliza kama ameolewa yeye au redio.

Siku mbili baadaye, mchana kweupe, mkaza mjomba alikuja dukani. Alisimama kati ya pasi mbovu za watu, kitambaa cha kilio bado kichwani.

"Mwanangu, kuna mtu anamuulizia mjomba wako."

"Mtu gani, mama?"

"Sijamuona. Juzi magharibi aliuliza huko barabara kuu. Jana aliuliza kinuni, msagaji akasikia mtu nje anasema, 'Bomba yupo?' Alipotoka akakuta sakafu imelowa, mtu hakuna." Akashusha sauti. "Anakuja upande wangu. Na mimi nalala peke yangu."

Kopo, ambalo Msumari alilileta dukani ili mkewe asiliguse, lilikuwa nyuma yake, juu ya rafu, karibu kumgusa kisogo. Angesema pale pale yangekwisha. Maneno yalimfika mdomoni, akayaona yalivyo mabaya: nilikuibia ukiwa msibani, nikanywa chai yako. Akayameza.

"Atakuwa mteja wa zamani. Ana bomba linavuja."

"Labda." Hakuonekana kuamini. "Lile neno la mjomba wako..."

"Jumamosi si kesho tu, mama? Tutakuwa wote."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Msumari aliijua methali hiyo tangu shuleni, na alikuwa hodari wa kuwaambia wateja waliochelewa kuleta redio zao.

Jumamosi walifika kabla taa hazijawashwa. Nesi alikuja na sare zake za kazini, Soli na harufu yake ya gundi. Msumari alibeba kopo lake kwapani, kwa sababu mila inataka redio ya pili iwepo kama ya kwanza itagoma. Angeliacha nyumbani wangemuuliza kulikoni. Mkaza mjomba alimulika tochi kibandani.

Redio ya Bomba ilikuwa imekaa pale pale, na katikati yake tundu.

Soli aliinama, akagusa ncha za nyaya.

"Zimekatwa kwa koleo," alisema. "Safi kabisa." Akajikuna shingo. "Mama, usinielewe vibaya. Yule mdogo wako anayeokota vyuma chakavu, hakupita hapa?"

Mkaza mjomba aliishusha tochi. Ilimulika miguu yao.

"Mdogo wangu ndiye aliyemwogesha mjomba wenu miezi yote ya ugonjwa," alisema. "Alimbeba kama mtoto. Ninyi mlikuwa mnamsalimia hewani."

Soli aliomba radhi. Nesi aliangalia ukuta. Msumari aliangalia viatu vyake, akatamani ardhi ipasuke immeze. Aibu ya kuiba ina mwisho. Hii ya kumuona mwingine akivikwa wizi wako, huku umesimama na mdomo umeufunga, hakuwahi kujua kuwa ipo. Na bado hakusema.

"Basi tutumie ya Msumari," Nesi alisema. "Ataagwa tu."

Wakaingiza redio ndani, wakapitisha waya wa antena dirishani, wakafunga mlango kwa komeo kwa sababu upepo ulikuwa unaingia. Msumari aliunganisha bila kufunua kopo. Kitufe kilikuwa kinateleza kwa jasho la vidole vyake. Nesi alishika kipaza sauti.

"Bomba. Bomba. Bomba. Wenzako tunakuaga. Ova."

Shhhh...

Mkaza mjomba alifumba macho.

Shhhh... krrr...

"Vizuri," Nesi alinong'ona. "Amelala. Tushushe..."

Harufu ya udongo mbichi ikaingia chumbani.

"Nawasikia," spika ilisema. "Tano kwa tano."

Nesi alikiachia kipaza sauti kikaanguka mezani. Soli alirudi nyuma mpaka ukutani. Haikuwa sauti ya Bomba, kila mmoja alijua. Na ilikuwa karibu mno, mpaka kopo la biskuti lilikuwa linatetemeka.

"Geti la bluu," ilisema. "Nimefika."

Nje, mbele ya mlango, maji yalikuwa yanadondoka.

Tone.

Tone.

Kisha mtu akagonga, taratibu, kwa adabu, kama mgeni yeyote.

"Ni yule," mkaza mjomba alisema. Aliinuka. "Wacha nimwambie uso kwa uso kwamba mwenyewe hayupo. La sivyo atagonga hivi kila siku, na ninyi mtakuwa mmekwenda kwenu." Mkono wake ulifika kwenye komeo.

"Mama, usifungue."

Msumari alishangaa kusikia kuwa ni yeye aliyesema. Alikinyakua kipaza sauti, akazungumza kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, isiyo ya kizee.

"Bomba amekufa. Hayumo humu. Aliyekujibu ni mimi, nikaiga sauti yake, nikakuelekeza kwa mjane wake. Koili ninayo mimi. Niliiba."

Akafunua kopo. Rangi nyekundu ya kucha iling'aa chini ya taa, nadhifu, mzunguko kwa mzunguko. Hakuthubutu kumtazama mwenye rangi. Alisikia tu Soli akivuta pumzi.

Kugonga kulikoma.

"Wewe nani?" spika iliuliza.

"Msumari."

"Uko wapi, Msumari?"

Na amini usiamini, mdomo wake ulifunguka kujibu. Mazoea ni mabaya. Alikuwa ameshaanza kutamka mtaa wake pale kiganja kilipomziba mdomo, kiganja kikavu chenye harufu ya sabuni. Mkaza mjomba alimshikilia hivyo, kwa nguvu, kama mtu anayezuia damu. Wakakaa wote wanne bila kupumua. Matone ya nje yalianza kusogea. Yakafika getini. Yakapotea kuelekea kinuni.

Soli alipofungua mlango, kulikuwa na alama za miguu isiyo na viatu, zimelowa, zinakuja mpaka kizingitini. Za kurudi hazikuwepo.

Mama yule aliketi.

"Mjomba wako alikwenda kuitoa pampu iliyoungua kwenye kisima kirefu, zamani, yeye na fundi mwenzake. Pampu ilipanda juu. Waya wa koili hiyo umetoka kwenye pampu ile. Mwenzake alibaki chini kisimani, akafia humo. Mjomba wako hakuwahi kuniambia kwa nini pampu ilipanda kwanza, kabla ya mtu, na mimi sikumuuliza." Alipangusa meza ambayo haikuwa na uchafu. "Aliwahi kuitupa koili. Sauti ikahamia kwenye mabomba ya nyumba. Niliisikia kwa masikio yangu, naosha vyombo. Akaenda kuiokota. Akasema ni bora kumjibu kila magharibi, aambiwe tu mtu yupo. Lakini asiambiwe nyumba. Hilo ndilo neno nililotaka kukupa siku ile."

Msumari aliizima redio.

"Ile chai," mkaza mjomba alisema. "Uliinywa koili ukiwa nayo?"

"Ndiyo, mama."

Alitikisa kichwa polepole. Angemtukana ingekuwa nafuu. Aliichomoa koili kwenye kopo, akaishika kidogo, akamkabidhi kwa mikono miwili kama inavyotakiwa siku ya kugawa vifaa.

"Ulikuwa unaitaka. Ni yako. Uwe unajibu."

Tangu hapo Msumari hakukosa. Kila magharibi alijifungia chumba cha nyuma, harufu ikaja, sauti ikamwita mara tatu kwa jina lake. Upo? Nipo. Uko wapi? Hapo alinyamaza, ameuma kidole, mpaka shhhh irudi. Soli na Nesi walimsalimia barabarani, lakini hewani hawakumwita tena.

Hakumwambia mkewe. Angeanzia wapi? Ili umwambie mtu habari ya mgeni, lazima umwambie habari ya koili, na ya msiba, na ya chai. Aliona haya. Mkewe aliona mume anajifungia saa ileile kila siku na kunong'onezana na mtu, akafikiri mambo wanayofikiria wake wote. Alinuna, kisha akalia, kisha akaacha kuuliza. Msumari alimuacha afikirie hivyo. Aliona ni afadhali kudhaniwa mzinzi kuliko kujulikana mwizi wa msibani.

Jioni moja mteja alimchelewesha. Alifunga duka giza likiwa limeshaanza, akakimbia njia nzima na roho mkononi. Alimkuta mkewe barazani anapiga deki, ingawa mvua haikunyesha.

"Kuna mtu amekuja kukuulizia," mkewe alisema bila kuinua kichwa.

Msumari alisimama.

"Mtu gani?"

"Sijui. Mwanamume. Amesema mnaongea kila siku." Alikamua tambara. "Kumbe ni mwanamume. Nimejisikia vibaya kwa yote niliyokuwa nakudhania, nikamwambia hapa ndipo kwako, hutachelewa."

"Yuko wapi?"

"Nimemkaribisha chumba cha nyuma. Maskini, alikuwa amelowa chapachapa." Sasa alimtazama, akaona uso wake, na tambara likamtoka mkononi. "Baba watoto, vipi? Ungeniambia nisimkaribishe, nisingemkaribisha."

Msumari alifungua mdomo, na hata wakati ule, ni haya iliyomzuia.

Redio ilikuwa imezimwa. Kutoka chumba cha nyuma, mtu alikohoa kidogo, kisha akasema, taratibu, kama aliyemaliza:

"Ova."